Bei Huulizwa Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kupima Thamani ya Kadi za Katuni

Kila baada ya wiki mbili tatu napokea picha ileile kwenye simu. Rundo la kadi limetandazwa juu ya kitanda, nusu yake haionekani kwa sababu ya mwanga wa flashi, na chini yake maneno manne: "Hizi naweza kupata ngapi?"

Kadi zenyewe zimefika kwa njia nyingi. Shangazi amerudi kutoka Muscat na boksi la watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Kaka yuko Minneapolis na mwanawe kachoka nazo. Mwingine kazikuta ndani ya robota la midoli ya mitumba. Lakini kosa ni moja: mtu anaanza na bei. Anaandika "Charizard", jina la mhusika maarufu wa Pokémon, kwenye simu, anaona tarakimu sita, na kabla ya magharibi ameshanunua kiwanja Kigamboni kichwani mwake.

Tutaanza upande wa pili. Kwanza kadi ni ya ukoo gani, kisha ni halisi au feki, kisha ni chapa ipi (yaani ya awamu gani ya uchapaji), kisha hali yake, na bei ndiyo inafuata. Ukiruka hatua moja, bei utakayoipata itakuwa ya kadi ya mtu mwingine. Mifano yangu mingi ni ya michezo ya kadi ya Pokémon na Disney Lorcana, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye picha ninazotumiwa, pamoja na zile kadi za picha tu za filamu za katuni za miaka ya 1990.

## Vifaa

Andaa hivi kabla hujagusa kadi hata moja:

- Meza safi na kavu, uitandike kitambaa cha pamba au taulo nyembamba.
- Taa nyeupe ya mezani, na tochi ya simu.
- Kioo cha kukuza. Cha mara 10 kitasaidia, lakini cha mara 30 hadi 60, kile wanachotumia masonara na mafundi simu, ndicho kitakachokuonyesha nukta za wino.
- Rula ya plastiki yenye milimita. Ya chuma itakukwaruzia kadi.
- Vifuko laini vya plastiki vya kadi, na kava ngumu ambazo wenyewe huziita toploda. Kadi nyingi za aina hii zina upana wa milimita 63 na urefu wa 88, kwa hiyo agiza vya kipimo hicho.
- Kadi moja ya bei ndogo unayojua kwa hakika ni halisi, ya mchezo uleule na ikiwezekana ya miaka ileile. Hii ndiyo shahidi wako. Bila shahidi, hatua ya tatu ni kubahatisha.
- Daftari na kalamu.

Na hivi uviweke mbali: kifutio, gundi, sabuni ya vioo, pasi, na zaidi ya vyote mashine ya laminesheni. Nimeshaona kadi nzuri ya mwaka 1999 iliyopigwa laminesheni kama kitambulisho cha shule. Mwenyewe aliniambia alitaka idumu. Itadumu kweli, ila hakuna atakayeinunua.

## Hatua ya 1: Tenganisha bila kuumiza

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Usipake mafuta wala losheni kwanza, maana alama ya kidole chenye mafuta haifutiki kwenye kadi inayong'aa.

Ondoa mipira ya kufungia pesa. Usiikate kwa mkasi ikiwa imekaza juu ya kadi. Ivute taratibu kutoka kona moja, kwa sababu mpira uliozeeka hushikana na karatasi. Usizichanganye kadi kama karata za kuchezea arubastini. Kila zikisuguana, kingo zinaliwa.

Sasa zigeuze zote zitazame chini, uzipange kwa migongo. Kadi za mchezo mmoja na lugha moja huwa na mgongo mmoja. Pokémon za Kijapani zina mgongo tofauti na za Kiingereza, usishtuke.

Pembeni weka vitu viwili. Kwanza, kadi za nishati za kawaida za Pokémon, zile zenye alama kubwa moja katikati na maandishi machache. Pili, vikadi vyenye msimbo wa kuingizia kwenye mchezo wa mtandaoni. Vikadi hivi hutoka ndani ya pakiti na watu huvitunza kama dhahabu, lakini msimbo ukishatumika, kinachobaki ni karatasi.

Umefaulu ikiwa mbele yako kuna mafungu machache, kila fungu lina mgongo wa aina moja, na hakuna kadi iliyolala juu ya meza tupu.

## Hatua ya 2: Jua ukoo wa kadi

Kuna koo mbili kubwa, na soko lake si moja.

Ukoo wa kwanza ni kadi za mchezo. Zina maandishi ya kanuni, nguvu za mhusika, gharama ya kumtumia. Pokémon za Kiingereza zilianza kuuzwa Marekani Januari 1999 zikichapishwa na Wizards of the Coast. Disney Lorcana ya kampuni ya Ravensburger iliingia sokoni Agosti 2023. Kadi hizi zina wanunuzi wa aina mbili, wachezaji na wakusanyaji, na ndiyo maana hata ile isiyo nadra sana inaweza kupata mtu.

Ukoo wa pili ni kadi za picha. Mbele kuna tukio la filamu au katuni, nyuma kuna maelezo mafupi na namba. Hazichezwi. SkyBox ilitoa za The Lion King mwaka 1994, na Topps ilitoa za katuni ya televisheni ya Pokémon mwaka 1999. Hizi za Topps huwachanganya wengi: zina Pikachu, zina neno Pokémon, lakini si kadi za mchezo. Ukitafuta bei yake katika orodha ya kadi za mchezo utapata jibu la kitu kingine kabisa.

Hapa niseme jambo ambalo halipokewi vizuri. Msomaji wa Kiswahili akiona Simba, Rafiki na Pumbaa kwenye kadi ya mwaka 1994 hujihisi ana kitu cha nyumbani, na akipiga hesabu ya miaka anasema lazima ni mali. Pole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za Marekani zilichapa kadi kwa wingi wa kupindukia, na wanunuzi nao walikuwa wameshasikia habari za kadi za kale zilizotajirisha watu, basi wakazitunza zote. Kitu kikitolewa kwa wingi kisha kila mtu akakitunza, uadimu utatoka wapi? Seti kamili ya kadi za kawaida za The Lion King mara nyingi huuzwa kwa dola chache tu. Zitafute zile za pekee zilizofichwa kwenye pakiti chache, zenye foili (tabaka linalong'aa) au uchapaji wa namna yake. Nyingine mpe mtoto afurahi.

Umri peke yake si thamani. Kadi ya Lorcana ya mwaka 2023 inaweza kuuzwa mara mamia ya bei ya kadi iliyoizidi umri kwa miaka 30.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye daftari, kwa kila fungu: jina la mchezo au seti, kampuni iliyochapa, na mwaka. Mwaka utausoma kwenye mstari mdogo wa hakimiliki chini ya kadi. Kumbuka kwamba kadi ikiwa na miaka mingi mfululizo, wa mwisho ndio ulio karibu na mwaka wa kuchapwa.

## Hatua ya 3: Halisi au feki

Usiharakishe hapa. Kadi feki za Pokémon zimejaa dunia nzima, na kwetu huuzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto pamoja na puto na vibanio vya nywele.

Anza na zile za rangi ya dhahabu, ngumu kama kadi ya benki, boksi zima likiwa na "kadi nadra" tupu. Hizo ni midoli. Kampuni ya Pokémon imewahi kutoa kadi za chuma za dhahabu katika maboksi maalumu, lakini boksi la kadi hamsini za plastiki ya dhahabu kwa bei ya chakula cha mchana halikutoka kwao. Nidhamu ya kwanza ya mkusanyaji ni kujiuliza: inawezekanaje kila kadi ya pakiti iwe nadra?

Zilizobaki, zipitishe kwenye majaribio haya manne, moja baada ya jingine, ukiwa na kadi yako shahidi mkononi.

Maandishi. Soma polepole. Herufi é ya Pokémon ina alama yake juu? Kuna neno limekosewa? Alama za nishati zimekuwa kubwa kupita kiasi au zimekaa upande? Nguvu za mhusika ni za kichaa, mfano 9000? Feki nyingi hufia hapa.

Nukta. Weka kioo cha kukuza juu ya herufi nyeusi. Kwenye kadi halisi weusi wa herufi huwa mzito na ukingo wake ni safi, kwa kuwa wino mweusi huchapwa peke yake. Kwenye feki iliyopigwa picha na kuchapwa upya, herufi zenyewe zimeundwa kwa nukta za rangi mchanganyiko na ukingo wake una ukungu. Jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu mwenye kughushi anahitaji mtambo mzuri kulipita.

Ukingo na mwanga. Tazama unene wa kadi kwa ubavu. Kadi za Pokémon za Kiingereza zina safu nyembamba ya giza katikati ya karatasi, kama nyama ya sandwichi. Safu hiyo huzuia mwanga, kwa hiyo ukiweka tochi nyuma, feki nyingi huwaka kama karatasi ya daftari. Lakini linganisha na shahidi wa enzi ileile, maana karatasi imebadilika mara kwa mara, na feki nzuri za siku hizi nazo zimeanza kuwekewa safu hiyo.

Kidole. Kadi za kisasa zilizo nadra sana za Pokémon zina michirizi midogo iliyokandamizwa juu ya foili. Zipitishie ncha ya kidole kwa upole, juu ya kifuko laini kama unaogopa. Feki huwa laini tambarare, au ina michirizi iliyochorwa tu isiyosikika.

*Onyo:* utakutana na watu wanaokuambia uikunje kadi uone kama inarudi, au uichane uone safu ya ndani. Jaribio la kuchana ni la kweli, lakini linathibitisha kadi kwa kuiua. Lifanye kwa kadi ya senti tano, kamwe si kwa unayoishuku kuwa ya maana.

Umefaulu ikiwa kila kadi imefaulu majaribio yote yanayoihusu. Kadi ikifaulu matatu ikashindwa moja, iandike "shaka" na uiweke kando. Usiitetee. Moyo wa mwenye kadi ni wakili mbaya.

## Hatua ya 4: Soma nadra na chapa

Kadi halisi mbili zenye picha moja zinaweza kupishana bei mara elfu. Tofauti imeandikwa juu ya kadi yenyewe kwa herufi ndogo sana.

### Alama ya nadra

Kwenye Pokémon, tazama kona ya chini. Duara ni ya kawaida, almasi si ya kawaida sana, nyota ni nadra. Tangu seti za Scarlet & Violet za mwaka 2023 nyota zimeongezeka: nyota mbili nyeusi, nyota mbili za fedha, nyota moja ya dhahabu, mbili za dhahabu, tatu za dhahabu. Hizo za dhahabu, hasa mbili, zina michoro iliyojaza kadi nzima na ndizo wakusanyaji wanazozikimbilia.

Kwenye Lorcana alama iko chini katikati. Duara ni ya kawaida, kitabu kilichofunguliwa kinafuata, halafu pembetatu ya shaba, almasi ya fedha, pembetano ya dhahabu. Juu ya hizo ni pembesita ya rangi za upinde wa mvua, daraja linaloitwa Enchanted. Kila pakiti ina kadi 12, moja kati yake ikiwa ya foili, na unaweza kufungua boksi zima la pakiti 24 usipate hata Enchanted moja.

Sasa soma namba. Ikiwa ni 50/204, maana yake ni kadi ya 50 katika seti ya 204. Ukikuta namba ya mbele imeizidi ya nyuma, mathalani 207/204, simama. Hiyo iko nje ya hesabu ya kawaida ya seti, na karibu kila mara ni ya kuwekwa kwenye kava leo hii.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kadi ya wimbo ya "Hakuna Matata" iliyomo katika seti ya kwanza ya Lorcana. Ni kadi nzuri ya kumwonyesha bibi. Bei yake ni ya kadi nyingine yoyote ya kawaida. Soko halilipi kwa sababu wewe unaielewa bila tafsiri.

### Chapa

Hili huwaumiza zaidi wenye Pokémon za mwaka 1999. Seti ya kwanza ya Kiingereza ina kadi 102 na ilichapwa kwa awamu. Zitofautishe hivi:

1. Toleo la kwanza. Kuna mhuri mdogo mweusi wenye tarakimu 1 kushoto, chini kidogo ya fremu ya picha.
2. Isiyo na kivuli. Hakuna mhuri. Tazama ubavu wa kulia wa fremu ya picha: hakuna kivuli. Mstari wa hakimiliki una miaka 1995, 96, 98, 99.
3. Ya kawaida. Kivuli kipo kulia kwa fremu, na mstari wa hakimiliki unaishia 98 kabla ya majina ya Nintendo na wenzake. Hizi ndizo nyingi mno.

Kisha kuna Machamp, namba 8/102. Sijui nimeandika jibu hili mara ngapi. Mtu ananitumia Machamp anayeng'aa, mhuri wa toleo la kwanza uko wazi, hana hata mkwaruzo, na tayari ameshawaambia ndugu. Machamp huyo hakuwa akitoka kwenye pakiti za bahati nasibu kama wenzake. Aliwekwa ndani ya boksi la kuanzia la wachezaji wawili, na aliwekwa akiwa na mhuri. Kila mtoto aliyenunuliwa boksi alipata wake. Mhuri ni wa kweli, kadi ni ya kweli, na bado ni miongoni mwa kadi zenye mhuri zilizo rahisi kuzipata. Mhuri uleule juu ya Charizard 4/102 ni habari nyingine kabisa.

Umefaulu ikiwa unaweza kuitaja kadi kikamilifu kwa mstari mmoja: jina, namba, seti, mwaka, lugha, foili au si foili, chapa. Mfano: "Charizard 4/102, seti ya kwanza, 1999, Kiingereza, foili, ya kawaida yenye kivuli." Usipoweza kuandika mstari huo, huna cha kutafutia bei.

## Hatua ya 5: Pima hali kama mnunuzi, si kama mzazi

Washa taa ya mezani, iinamishe kadi kidogo ili mwanga uteleze juu yake. Tazama mambo manne kwa mpangilio huu.

*Kona.* Nne zote, mbele na nyuma. Weupe kwenye kona ya mgongo ndio dosari ya kwanza kuonekana kwa kadi za Pokémon, kwa sababu mgongo ni wa buluu.

*Kingo.* Zungusha kadi uone kama kuna sehemu zilizomeguka rangi.

*Uso.* Mikwaruzo ya foili haionekani ukitazama wima. Inamisha. Mstari wa kukunjika, hata mdogo kama unywele, huishusha kadi daraja kadhaa kwa mkupuo.

*Ulingano.* Pima kwa rula upana wa mpaka kushoto na kulia, halafu juu na chini. Ukipata milimita 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, hiyo ni 60 kwa 40. Kampuni ya upimaji wa kadi ya PSA kwa daraja lake la juu kabisa, 10, inataka takriban 55 kwa 45 mbele. Kadi inaweza kutoka kiwandani ikiwa imekatwa vibaya, hujaigusa, na bado ikakosa 10.

Wauzaji hutumia vifupisho. NM ni karibu mpya. LP imechezewa kidogo. MP imechezewa kiasi. HP imechezewa sana. DMG imeharibika. Ushauri wangu: ukisita kati ya mbili, andika ya chini. Mnunuzi akipata kadi bora kuliko alivyoambiwa atarudi. Akipata mbaya ataomba pesa zake.

Usijaribu kuitengeneza. Kupaka kalamu nyeusi kwenye kingo, kunyoosha kwa pasi, kufuta kwa sabuni: kampuni za upimaji huyatambua haya, na kadi iliyoguswa hukataliwa au hutajwa wazi kuwa imebadilishwa.

Umefaulu ikiwa kila kadi ya maana iko ndani ya kifuko laini, kisha ndani ya toploda, na hali yake imeandikwa daftarini. Usiitumbukize kwenye toploda bila kifuko. Plastiki ngumu huchuna uso.

## Hatua ya 6: Sasa uliza bei

Sheria ni moja: bei inayoombwa si bei. Mtu yeyote anaweza kuweka Machamp kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa dola 50,000 na likakaa hapo mpaka Kiama.

Kwenye eBay andika ule mstari wako wa hatua ya nne, kisha nenda kwenye vichujio uchague vitu vilivyokwisha kuuzwa. Acha wiki moja ya kelele isikudanganye. Chukua mauzo matano hadi kumi ya karibuni ya kadi ileile, chapa ileile, hali ileile. Tupa la juu kabisa na la chini kabisa, yaliyobaki tafuta wastani. Hiyo ndiyo bei.

Kisha thibitisha kwa soko la pili. TCGplayer ni ya Marekani, Cardmarket ni ya Ulaya. Kadi hiyohiyo inaweza kuwa rahisi zaidi Ulaya, kwa hiyo ndugu aliyeko Ujerumani asitumie bei za Marekani kupanga matumaini yake.

Kuona ukubwa wa pengo: Charizard wa toleo la kwanza wa mwaka 1999 mwenye daraja la PSA 10 aliuzwa dola 420,000 mwezi Machi 2022. Charizard wa chapa ya kawaida, mwenye kona zilizoliwa, ni wa dola mia kadhaa. Picha ni moja. Gazeti litaandika habari ya yule wa kwanza tu.

Jihadhari na kadi mpya zilizopamba moto. Seti ya kwanza ya Lorcana ilipotoka Agosti 2023 mzigo uliisha upesi, bei za maboksi zikaruka, na wengi walionunua wiki zile walibaki nayo Ravensburger ilipochapa tena. Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya kukiweka, jiulize: mwenye mtambo bado anaweza kuchapa zaidi? Jibu likiwa ndiyo, usikimbie.

Umefaulu ikiwa kila kadi ina bei iliyotokana na mauzo halisi, na umeandika tarehe uliyoangalia. Bei ya miezi sita iliyopita ni hadithi.

## Hatua ya 7: Itunze kwa hali ya hewa yetu

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wenye majira ya baridi na vyumba vikavu. Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, unyevu wa hewa ni adui mkubwa kuliko watoto.

Kadi ya foili ni karatasi iliyobandikwa juu yake tabaka la plastiki na metali. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, foili hainyonyi. Upande mmoja ukitanuka na mwingine ukabaki, kadi inapinda kama chipsi. Zangu thelathini hivi zilipinda msimu mmoja wa masika, nilipoziacha kwenye rafu iliyo wazi karibu na dirisha. Baadhi zilinyooka baadaye, nyingine hadi leo zimekaa kama mashua.

Fanya hivi. Weka kadi, zikiwa kwenye vifuko na kava, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana. Tia vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, ila viwe vipya; vya zamani vimeshashiba. Kipima unyevu kidogo cha dijiti si ghali, na lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita hapo, kwa sababu kadi hupinda upande wa pili.

Jua lisizifikie. Albamu ziwe zisizo na PVC, ile plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu. Baada ya miaka hutoa mafuta na kung'ang'ania kadi. Na kontena lisikae sakafuni. Wanaoishi mtaa wa Jangwani, Dar es Salaam, kunakofurika, wanajua kwa nini.

## Hatua ya 8: Kupeleka kwa wapimaji, au kuacha

PSA, Beckett na CGC ni kampuni za Marekani zinazothibitisha kadi, kuipa daraja hadi 10 na kuifunga kwenye plastiki ngumu yenye namba. Kila mwenye kadi anataka kuipeleka. Wengi wasingepaswa.

Piga hesabu kwa daraja 9, si 10. Tuseme kadi isiyopimwa huuzwa dola 40, yenye 9 huuzwa 65, yenye 10 huuzwa 150. Ada ni 25, na posta ya kwenda na kurudi pamoja na bima, ukiigawa kwa kila kadi, ni 15. Ukipata 9 unabaki na 25, yaani umelipa na kusubiri miezi ili upoteze dola 15. Ukipata 10 unabaki na 110. Sasa rudi kwenye vipimo vyako vya ulingano na ujiulize kwa ukweli unaielekea ipi.

Kama una ndugu Marekani, zikusanye zote zipelekwe kwa pamoja kutoka huko. Posta ndiyo inayokula faida.

Na unaponunua kadi iliyokwisha kufungwa, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika kabla ya kulipa, ulinganishe na picha. Plastiki nazo hughushiwa.

## Hatua ya 9: Kuuza na kutuma

Piga picha mbele na nyuma, kadi ikiwa nje ya toploda, kwa mwanga wa mchana usio wa jua kali. Onyesha dosari wewe mwenyewe. Kumbuka masoko kama eBay na TCGplayer hukata zaidi ya asilimia 10 ya mauzo, kwa hiyo wastani wako wa hatua ya sita si pesa ya mfukoni.

Mnunuzi wa mjini, kutaneni mahali pa watu, na hakikisha salio lako la simu mwenyewe badala ya kusoma ujumbe anaokuonyesha. Wa mbali, mtumie kwa njia yenye namba ya kufuatilia.

Kufunga: kifuko laini, toploda, mdomo wa toploda ubandikwe kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, maana selotepu huacha gundi na mnunuzi atahitaji kisu. Kisha mfuko mdogo usiopitisha maji, kisha vipande viwili vya boksi gumu pande zote mbili, vikiwa vikubwa kuliko toploda kwa kidole kimoja kila upande. Tikisa bahasha karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua uanze upya.